Herufi Zinazoinuka Ukurasani: Majibu kwa Wasomaji

Safu hii hupokea maswali kuhusu vitabu, uchapaji na ufundi wa karatasi. Barua tatu za mwezi huu zimetoka Mkoa wa Dodoma, na zote zinahusu kitu kimoja: kitabu cha historia ya herufi za chapa ambacho kurasa zake huinuka, huzunguka na kuvutwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi wilayani Kongwa na ninasimamia klabu ya wasomaji wa darasa la sita. Mwaka jana nilionyeshwa kitabu cha kigeni kinachosimulia historia ya herufi: ukifungua ukurasa, herufi inasimama; ukivuta kiulimi cha karatasi, sehemu zake zinasogea. Tumeamua kutengeneza chetu kwa manila na gundi, lakini jaribio la kwanza limetuaibisha. Tukifunga kitabu, herufi A inachungulia nje kama ulimi wa mbwa aliyechoka. Zaidi ya hayo, hatujakubaliana historia hiyo tuanzie wapi. Tunaomba mwongozo. – Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, nianze na hiyo A, kwa kuwa kosa ni la hesabu na mikono ya watoto haina hatia. Nadhani umbo mlilotumia ni lile la ngazi, ambalo hutazamwa kitabu kikiwa kimefunguliwa nusu, ukurasa mmoja ukiwa sakafu na wa pili ukuta: kipande cha manila hugundishwa sakafuni kwa mguu wa mbele, husimama, kisha hulala kuelekea ukutani, na herufi hubandikwa kwenye uso wake uliosimama. Pimeni umbali kutoka mkunjo wa kati wa kitabu hadi kwenye mguu wa mbele, kisha pimeni urefu wa herufi kuanzia hapo mguuni. Jumla ya vipimo hivyo ndiyo mahali herufi itakapofika kitabu kikifungwa. Ukurasa ukiwa na upana wa sentimita 20, mguu ukiwa sentimita 6 kutoka kwenye mkunjo na herufi ikiwa na urefu wa sentimita 8, ncha yake itaishia kwenye sentimita 14 na hakuna atakayeiona. Mkitamani herufi ya sentimita 15, jumla inakuwa 21 na sentimita moja itabaki nje. Wapeni wanafunzi hesabu hiyo kabla ya kuwapa mkasi.

Halafu manila ina nyuzi zinazoelekea upande mmoja. Ipindeni taratibu kwa urefu, kisha kwa upana, na upande unaokubali bila ubishi ndio ambao mkunjo unapaswa kuufuata. Chora mstari wa mkunjo kwa rula na kalamu iliyoisha wino, ukikandamiza bila kuchana. Gundi ya maji ipakwe kidogo sana, kwa maana katika ukavu wa hewa yetu karatasi iliyoloana upande mmoja hujikunja kama mchicha ulioanikwa.

Kuhusu historia, ushauri wangu ni kwamba kila kinachosogea kitabuni kionyeshe jambo lililosogea kweli katika uchapaji. Herufi inayoruka ili kushangaza tu inachosha baada ya mara ya pili. Anzieni China katika miaka ya 1040, ambako Bi Sheng alitengeneza herufi moja moja za udongo uliochomwa, zikapangwa, zikachapa, zikapanguliwa na kupangwa upya. Ukurasa huo hauhitaji umbo gumu: vipande vinne vya manila vinavyotoka katika kijimfuko na kubadilishana nafasi vinatosha. Mtajeni pia Korea, kwa sababu kitabu cha zamani zaidi kilichosalia kati ya vile vilivyochapwa kwa herufi za metali zinazohamishika kilichapwa huko mwaka 1377.

Ukurasa wa Mainz, Ujerumani, ndio wa kutumia nguvu zenu. Watu wengi wakisikia jina la Johannes Gutenberg hufikiria mtambo wa kukandamiza. Mtambo wenyewe ulifanana na shinikizo la parafujo lililotumika kukamua zabibu, zao ambalo watoto wa Hombolo na Makutupora wanalijua vizuri kuliko watoto wengine wa nchi hii. Kazi ngumu ilikuwa kutengeneza maelfu ya herufi zenye kimo kimoja lakini upana tofauti, maana i ni nyembamba na m ni pana. Kifaa kinachohusishwa na kazi hiyo ni kalibu ya mkono, yenye nusu mbili zilizokaa kama herufi L zinazotelezeana: zikisogezwa karibu, nafasi ya kati inabana, zikiachanishwa, inapanuka, huku kimo kikibaki kilekile. Ndani yake humiminwa risasi iliyoyeyushwa pamoja na bati na antimoni, ambayo huifanya metali iwe ngumu. Kateni hizo L mbili kwa manila, ziunganisheni na kiulimi cha kuvuta, na mtoto ataona tundu la i likigeuka kuwa tundu la m mbele ya macho yake.

Hapohapo kuna jambo ambalo kitabu kinaweza kulionyesha kwa tendo lake la kufungwa. Herufi ya metali hutengenezwa kinyume ili ichape sawasawa. Upande wa kushoto bandikeni herufi nene za manila zilizogeuzwa, mzipake wino wa mhuri. Kitabu kikifungwa na kukandamizwa, ukurasa wa kulia utapata neno lililosomeka. Kilichoonekana kama d kitakuwa b. Biblia ya Gutenberg, yenye mistari 42 kwa safu, iliyokamilika mjini humo kwenye mwaka 1455 kwa nakala zinazokadiriwa kuwa 180, ilichapwa kwa kanuni hiyohiyo.

Baada ya hapo nendeni haraka. Gurudumu moja la karatasi lenye kidirisha linaweza kubeba herufi a ya mchapaji Nicolas Jenson wa Venice ya mwaka 1470, a ya mlazo iliyochongwa na Francesco Griffo na kutumiwa na mchapishaji Aldus Manutius katika kitabu kizima mwaka 1501, kisha a isiyo na vijimkia katika ncha zake, kama ile ya Helvetica, mtindo wa herufi uliotoka Uswisi mwaka 1957.

Punguzeni mwendo mkifika kwetu. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya kuchapwa kwa herufi za Kilatini, kwa hiyo ukurasa huo ufunguke kuanzia kulia. Onyesheni ugumu wake pia: alama za irabu za Kiarabu ni tatu na irabu zetu ni tano, hivyo msomaji alilazimika kuamua mwenyewe kati ya e na i, au o na u. Karne ya 19 wamisionari wa Kianglikana, akiwemo Edward Steere, walikuwa na kiwanda cha chapa Zanzibar, na huko ndiko gazeti la Msimulizi lilikoanza mwaka 1888.

Mwisho, fanyeni sanduku la herufi lenye vyumba. Chukueni sentensi hii: "Watoto wa Kongwa wanasoma kitabu cha herufi." Ina herufi 37. Nane ni a, na e ni moja tu. Katika Kiingereza ndiyo e inayoongoza, maana yake seti ya herufi iliyogawanywa kwa mahitaji ya Kiingereza ingeishiwa na a mikononi mwa mchapaji wa Kiswahili kabla hajafika katikati ya ukurasa, huku q na x zikikaa zimejaa vumbi. Ukubwa wa vyumba vya sanduku lenu uamuliwe na wanafunzi wenyewe, kwa kuhesabu aya moja ya kitabu chao cha kiada.

SWALI: Ninafanya kazi katika duka la steshenari na uchapaji mjini Dodoma. Wateja wananiletea mabango yenye jina la kata ya Ng'hong'honha, na kila mara kuna anayelalamika kwamba ile alama ya juu imeangalia upande usiofaa. Je, ni jambo la kubishania? Na je, lina nafasi katika kitabu cha historia ya herufi? – Mchapaji, Dodoma Mjini

JIBU: Ni la kubishania, kwa kuwa kwetu alama hiyo si pambo. Hutofautisha sauti ya ng'ombe na ile ya ngoma. Zamani za metali ilikuwa sura ya mkato uliopandishwa juu, wenye kichwa kizito na mkia unaoelekea kushoto. Mashine za taipu ziliweka kijistari kimoja kilichonyooka ili kibonye kilekile kifanye kazi ya kufungua na kufunga nukuu, na tangu hapo jicho la watu limezoea mchanganyiko. Kosa analoliona mteja wako mara nyingi hutoka kwenye kibonye cha kompyuta kilicho juu ya Tab, ambacho hutoa alama iliyoinamia upande mwingine. Tumia kile kilicho karibu na Enter.

Kuhusu kitabu, ningependa kuona ukurasa wenye mkato chini ya mstari na mfereji mwembamba wa karatasi: ukivuta kiulimi, mkato unapanda hadi juu na "ngombe" inasomeka "ng'ombe". Huo ningeutengeneza hata kama mingine yote ingenishinda.

SWALI: Niliulizia bei ya kitabu cha aina hii kwa ajili ya mwanangu wa miaka mitatu nikashtuka. Kwa nini kiwe ghali kuliko vitabu vya kawaida vya watoto? – Mama, Mpwapwa

JIBU: Dada yangu, mashine huchapa karatasi na kuikata, lakini kukunja, kupenyeza viulimi na kugundisha bado hufanywa kwa mikono, kipande kwa kipande, na kitabu kimoja kinaweza kuwa na makumi ya vipande hivyo. Isitoshe, vitabu vya kusogea havikuanza kwa watoto. Petrus Apianus alichapisha mwaka 1540 kitabu cha nyota chenye magurudumu ya karatasi ya kukokotoa mahali pa sayari, na mlengwa alikuwa mfalme. Kwa mtoto wa miaka mitatu ningesubiri. Nunua manila moja, mkunjie herufi ya kwanza ya jina lake, na akiichana utamkunjia nyingine kesho yake.