Mwanangu, uliniuliza niliachaje mpira

Mwanangu,

Voice yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikua gereji, kelele nyingi sikushika vizuri, ya pili nikaisikiliza na mama yako, ya tatu peke yangu kibarazani watu wameshalala. Umeniuliza, "baba we uliacha mpira una miaka 27, ulijuaje kwamba basi? Maana mimi huu msimu wa pili ni kipa wa tatu, sijadaka hata mechi moja ya ligi, niendelee au nirudi Moshi niingie chuo cha ufundi VETA?" Nimekaa na hilo swali siku mbili. Nimeona niandike kwa sababu kwa simu ntakatisha maneno, na kuna kitu sijawahi kukwambia.

Siku zote nimekwambia niliacha kwa ajili ya kidole. Hiki kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kilichopinda kikaangalia nje, ulikua unapenda kukivuta ukiwa mdogo ukidhani kitanyooka. Ni kweli kilivunjika, Arusha, pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nilikua napangua shuti la karibu. Lakini kilivunjika 2001, na mimi nikadaka miaka mitatu mingine nimekifunga pamoja na cha jirani yake kwa plasta nyeupe ya duka la dawa, halafu ndo navaa glovu juu yake. Kwa hiyo sio kidole.

Niliacha 2004 kwa sababu ya goli moja. Ilikua masika, uwanja wa Ushirika hapa Moshi, mvua imekatika kama nusu saa hivi, na mbele ya goli pana tope maana ndo pale kipa anakanyaga kila siku nyasi zimeisha. Tunaongoza moja bila. Dakika za mwisho kabisa inakuja krosi kutoka kulia, naiona vizuri, nikapiga hatua mbili za kutoka, halafu nikasita. Ni hapo tu. Kipa akitoka ametoka, akibaki amebaki, mimi nikawa katikati, golini sipo na mpira siufikii, jamaa akaupiga kichwa ukanipita juu ukadunda kwenye tope ukaingia polepole, yani ningebaki kwenye mstari ningeuokota kama embe. Moja moja, na ile sare ikatunyima kupanda daraja.

Goli la hivyo kila kipa analo. Kilichonimaliza ni kilichofuata. Kabla sijavua glovu kiongozi mmoja wa timu akasema mbele ya wenzangu wote kwamba nimekula hela, nimeuza mechi. Na unajua kwetu ilivyo, straika akikosa goli la wazi wanasema bahati mbaya, kipa akifungwa goli la kizembe wanauliza kapewa shingapi. Wewe ulikua mtoto wa miezi, hela ya maziwa nakopa, na pale Majengo watu wananitazama kama mtu aliyeanza kujenga ghorofa. Sikujitetea. Nilienda nyumbani, wiki iliyofuata sikwenda mazoezini, na ile nyingine sikwenda, ikaishia hapo. Hakuna aliyenifukuza. Mama yako ndo alikua anajua, na sasa wewe.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba sikujua. Niliondoka kwa aibu na hasira, nikasingizia kidole, na hicho ndo kinaniuma mpaka leo kuliko goli lenyewe.

Maana kwa kipa, 27 ndo anaanza kuiva. Mwaka mmoja kabla sijaacha, 2003, Simba iliwatoa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penati kulekule Cairo, golini alikua Juma Kaseja, kijana mdogo na wala sio mrefu. Tulisikiliza kwenye redio tumejazana kwenye kibanda cha kinyozi Pasua, nikawaambia wenzangu kama huyu kaweza na kimo chake mimi nashindwaje. Mimi nikaacha, yeye akaendelea, akapita Yanga, Mbeya City, Kagera Sugar, KMC, na 2019 akiwa kashapita miaka thelathini akaitwa tena Taifa Stars baada ya miaka kadhaa ya kusahaulika, tukawatoa Kenya kwa penati Kasarani, mwezi uliofuata tukawatoa Burundi kwa penati Dar, golini yuleyule. Ile mechi ya Burundi niliangalia gereji, nikatoka nje kabla hawajamaliza kushangilia. Essam El Hadary wa Misri kadaka Kombe la Dunia 2018 ana miaka 45, na penati ya Saudi Arabia akaipangua. Dino Zoff kachukua kombe 1982 na Italia ana 40. Kipa hamalizwi na kuisha mbio kama winga, na ile kujua utoke au ubaki inakuja kwa kufungwa sana, hakuna njia nyingine mi naijua.

Sasa hilo benchi. Timu ina makipa watatu wanne na goli ni moja, beki akikosa namba kulia anahamishiwa kushoto, wewe utahamishiwa wapi? Hiyo sio dharau ya kocha, ndo kazi ilivyo. Lakini kumbuka Aprili 2023, Aishi Manula kaumia, Beno Kakolanya naye hayupo sawa, Simba ikabaki na Ally Salim, kipa wa tatu, halafu mechi iliyopo mbele ni Yanga. Akadaka, Simba ikashinda mbili bila. Akaenda mpaka Casablanca kwa Wydad, Ligi ya Mabingwa Afrika, wakatolewa kwa penati tu. Agosti mwaka huohuo, Ngao ya Jamii pale Mkwakwani Tanga, akapangua penati tatu za Yanga. Sikudanganyi kwamba baada ya hapo ikawa raha tupu, msimu uleule akasajiliwa Ayoub Lakred kutoka Morocco na kijana akarudi kusubiri. Ila siku ile alipoitwa alikua tayari, na hiyo haikuanzia siku ile, ilianzia kwenye mazoezi ambayo hakuna shabiki aliyekuwepo.

Nataka ujiulize mambo matatu. Kocha wa makipa anakufundisha kweli, au unaokota tu mipira ya wenzako? Mshahara unaingia? Na asubuhi ukivaa glovu bado unataka mpira uje kwako? Mshahara usipoingia miezi mitatu rudi nyumbani, mimi sitakuuliza kitu, VETA ipo palepale. Kama unaingia na unafundishwa, baki. Dirisha dogo la usajili likifunguliwa mfuate meneja kwa adabu umwombe utolewe kwa mkopo timu ya Championship, ligi ya chini ya hiyo yenu, hata kama pesa ni ndogo, maana kipa bila mechi anakua mzuri wa mazoezini tu. Na iandikwe nani anakutibu ukiumia. Mimi kile kidole nilijitibu mwenyewe ndo maana kiko hivi.

Halafu miguu yako, nimeona ile klipu uliyotuma, mguu wa kushoto hauutumii kabisa. Mimi nimeanza kudaka wakati pasi ya beki unaidaka kwa mikono unatembea nayo, mpaka walipobadilisha 1992, na hata baada ya hapo tulikua tunabutua tu mbele. Siku hizi huwezi, angalia Diarra wa Yanga anavyoanzisha mpira kama kiungo. Na toka 2025 ukikaa nao mikononi zaidi ya sekunde nane refa anawapa wapinzani kona, kwa hiyo ile tabia yako ya kulala na mpira kifuani iache mapema.

Ukisemwa kama nilivyosemwa mimi, nipigie usiku huohuo, saa yoyote.

Mechi yenu ya Jumamosi ijayo nakuja. Nimeshaongea na fundi mwenzangu ataangalia gereji, napanda basi la Ijumaa asubuhi, mama yako anapika kiburu cha kubeba. Najua kwenye kikosi hutakuwepo na hata kwenye benchi pengine hupo, ila kipa wa tatu anaonekana wakati wa kupasha misuli, akiwapigia wenzake mashuti. Ntaingia uwanjani mapema nikae nyuma ya goli. Toka 2004 sijakanyaga uwanja wowote wa mpira, kwa hiyo nielekeze geti la kuingilia.

Baba yako