Daraja likishuka, nani kafeli?

SWALI: Shikamoo Mzee. Nasoma uchumi, mwaka wa pili. Darasani tulijadili Kenya: Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Muswada wa Fedha, rais akauondoa, na hata wiki mbili hazijaisha Moody's, shirika linalopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikaishusha nchi daraja la kukopesheka. Mwenzangu akasema hiyo ndiyo adhabu ya kusikiliza wananchi. Nilikosa la kumjibu. Je, amekosea?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwenzako kakosea neno moja, "adhabu", lakini ndani ya kosa lake kuna jambo.

Nilikaa dawati la mikopo benki miaka kumi na tisa. Mtu akija kukopa, mkuu wangu hakuniuliza kama ni mzazi mwema au kama anasomesha yatima. Aliniuliza mawili: ana uwezo wa kurejesha? Ana nia? Moody's, S&P na Fitch huuliza hayo hayo kuhusu serikali, kisha huandika maoni yao kwa herufi. Kwa S&P na Fitch, AAA ni aliye salama kabisa na D ni aliyekwisha shindwa kulipa. Mpaka uko BBB-. Ukishuka chini ya hapo unaitwa takataka, na mifuko mingi ya pensheni imejiwekea kanuni ya kutogusa hatifungani zako, yaani hati unazouza ili kukopa kwa wawekezaji. Mwaka 2002 Moody's iliishusha Japani ikawa chini ya Botswana. Wajapani walikasirika, na ukizitazama treni zao utawaelewa. Ila Botswana ilikuwa na deni dogo na akiba ya almasi, wakati Japani deni lilikuwa limeifika shingoni. Kwa swali lililoulizwa, jibu lile halikuwa la kichaa. Tatizo ni sisi tunaolisoma kama cheti cha maendeleo.

Sasa Kenya. Muswada ule ulikusudia kukusanya takriban shilingi bilioni 346 za Kenya. Ulipoondolewa tarehe 26 Juni, pengo likabaki wazi, na tarehe 8 Julai Moody's, yenye herufi zake tofauti kidogo, ikaishusha nchi kutoka B3 hadi Caa1, ngazi moja chini zaidi ndani ya takataka. Kwa mhasibu, hesabu ni hiyo tu. Lakini hapa ndipo mwenzako anaponibana: kodi ambayo watu wako tayari kufa barabarani wakiipinga haikuwa mapato tangu mwanzo. Ilikuwa mapato ya kwenye karatasi. Mimi mteja akiniandikia kwamba atarejesha kwa kuuza nyumba ambayo ndugu zake wamekataa isiuzwe, siiweki nyumba hiyo kwenye hesabu halafu nikashtuka isipouzwa.

Tena usidhani daraja ndilo lililopandisha riba. Tazama tarehe. Mwaka 2014 Kenya ilikopa kwa hatifungani ya miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.875. Februari 2024, ikitafuta fedha za kulipa dola bilioni 2 zilizokuwa zinaiva Juni, ikakopa upya dola bilioni 1.5, na wawekezaji wakadai zaidi ya asilimia 10. Hapo Julai bado iko mbali. Wenye fedha walikuwa wameshakunja uso, daraja likaja nyuma yao kama kawaida yake. Korea Kusini ilikuwa AA- kwa S&P Oktoba 1997 inaanza; mwaka haujaisha ikawa B+, ngazi kumi chini. Wachumi wake hawakuwa wamepumbaa kwa miezi mitatu. Dhoruba ilipiga, ndipo mpimaji akakimbilia ngazi.

Kinachonikera mimi zaidi ni hofu. Mwaka 2020, korona ilipobana, G20, kundi la nchi zenye uchumi mkubwa, ilizipa nchi 73 maskini nafasi ya kuahirisha malipo ya madeni kwa serikali nyingine. Zilizoshiriki ni 48. Kenya ilisita hadi Januari 2021, na sababu mojawapo ilikuwa woga wa kushushwa daraja. Woga huo haukuwa wa kijinga. Ethiopia iliomba madeni yake yapangwe upya Januari 2021. Februari Fitch ikaishusha kutoka B hadi CCC. Desemba 2023 ikashindwa kulipa riba ya dola milioni 33.

Naijua hali hiyo kwa sura. Kuna mteja wangu alikuja mwenyewe, hajachelewa hata siku moja, akasema kazi zimepungua, tafadhali mnipunguzie marejesho kwa miezi sita. Tulimkubalia. Mfumo wetu hapo hapo ukamsogeza kwenye orodha ya mikopo inayonyemelea kuwa chechefu, yaani isiyolipika. Mwenzake aliyenyamaza huku akikopa kwingine ili atulipe sisi aliendelea kung'aa kwa miezi minane, mpaka siku alipozima simu. Waziri wa fedha anayeuona mchezo huo, unategemea aige yupi?

Basi mwambie mwenzako hivi: Nairobi haikuadhibiwa, ilihesabiwa. Halafu muulize yeye nani aliweka mapato yale kwenye hesabu. (S&P, nayo iliyoishusha Agosti 2024, iliipandisha tena Agosti 2025 kutoka B- hadi B.)

SWALI: Hawa wapimaji wanalipwa na nani? Na Afrika ikiwa na shirika lake, riba itashuka?

JIBU: Kwa kawaida hulipwa na huyo huyo anayepimwa, utaratibu ulioota mizizi tangu miaka ya 1970. Mgongano wa maslahi upo wazi. Kabla ya 2008 walizigawia AAA dhamana za mikopo ya nyumba Marekani ambazo baadaye ziligeuka majivu.

Shirika la bara, ambalo Umoja wa Afrika umekuwa ukiliandaa, naliunga mkono kwa sababu moja: wachambuzi wanaokaa karibu na wanaowapima, na wanaoweza kupima kwa undani ukopaji wa kwa sarafu zetu wenyewe. Kuhusu riba ya dola, punguza matumaini. Wa kuaminishwa ni mwenye dola. Dawatini nilikuwa naletewa barua za wajomba wakiwasifia wapwa zao. Nilizisoma zote, nikazibana kwenye faili, kisha nikaomba taarifa ya benki.