Forester ya turbo, watoto watatu na mlima wa Timboroa

Jirani yangu wa ghorofa ya tatu amepata mtoto wa pili, na kila akinikuta kwenye maegesho ana swali lile lile: "Baba Zawadi, nichukue ya turbo ama nichukue ya kawaida?" Humjibu nikiwa nimebeba maziwa na mkate, kwa hivyo jibu halijawahi kufika mwisho. Acha nilimalizie hapa, maana si yeye peke yake anayeuliza.

Gari lenyewe ni Subaru Forester XT, umbo la SJ, lililoanza kutoka mwishoni mwa 2012. Nimekaa na langu tangu 2021. Injini ni ya lita 2 yenye turbo, na zile za soko la Japani, ambazo ndizo zilizojaa Nairobi, zilitoka kiwandani na nguvu za farasi 280. Ndugu yake asiye na turbo ana 148. Ukiyaweka sako kwa bako, asiyejua hayatofautishi, kwa sababu kwenye SJ waliondoa ile pua ya kuvutia hewa juu ya boneti iliyokuwa kwenye SG na SH, maumbo yaliyoitangulia. Hata ule mngurumo wa Subaru za zamani umepungua sana. Wako wanaolalamikia hilo. Mimi nililipenda, kwa sababu mtoto wangu wa mwisho hulala garini.

Nikiri nilivyoingia humu. Nilikua nikikata picha za Safari Rally kwenye magazeti. Colin McRae alishinda na Subaru Impreza 1997, Richard Burns akashinda na nyingine 2000, na kabla yao tulikuwa na wetu, Patrick Njiru, ndani ya Subaru. Kwa hivyo nilipotaka kununua, nilimpangia mke wangu sababu nzuri nzuri: usalama, nafasi, magurudumu manne yanayovuta kwa pamoja. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mradi viti vya watoto viingie." Sababu yenyewe alikuwa anaijua.

Basi, je, turbo ina kazi gani kwa familia ya Nairobi? Mjini, haina. Asubuhi kwenye Waiyaki Way, farasi 280 wanasimama nyuma ya matatu sawasawa na farasi 90 wa gari la pembeni. Langu kwenye foleni hunipa kilomita 6 na nusu kwa lita. Shemeji yangu ana Forester ya kawaida, na kwa njia hiyo hiyo anapata kama 9. Chukua kilomita 40 kwa siku, petroli ikiwa shilingi 180: mimi nachoma zaidi ya 1,100, yeye 800. Kwa siku 22 za kazi tofauti hiyo inakaribia shilingi 6,800 kwa mwezi. Tarehe 14 EPRA, wale wanaopanga bei ya mafuta, wakitangaza bei mpya, nyumbani kwangu redio huongezwa sauti.

Lakini kuna jambo la huku kwetu ambalo wanaoandika kuhusu magari wakiwa pwani za dunia hawalazimiki kulifikiria. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini isiyo na turbo huivuta jinsi ilivyo, kwa hiyo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Wale farasi 148 wa kwenye karatasi, hapa mjini wamebaki kama 123. Ukifika Timboroa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, takriban mita 2,700, una kama 108, na hapo ndipo umebeba watu watano, mabegi, na kuku wawili ambao mama hakukubali uwaache. Turbo kazi yake ni kushindilia hewa ndani ya injini. Haikosi kuhisi mlima, ila huuhisi kidogo.

Sisi kwetu ni Bungoma, na mwaka haupiti bila safari tatu au nne. Gari letu la awali lilikuwa la lita 1.5. Kulipita lori lililojaa mbao pale Timboroa ilikuwa ibada nzima: unateremsha gia, unachungulia, unatoka, gari linalia bila kwenda, mke wangu ameshika mkono wa mlango, unarudi. Ukitoka tena, kuna basi linakuja. Kwa XT, ukipata nafasi unatoka, unapita, unarudi upande wako, na mazungumzo ndani ya gari hayajakatika. Muda ninaokaa upande usio wangu umepungua, na hicho ndicho kitu pekee ambacho ninakilipia kwa moyo mweupe. Nguvu hiyo hiyo hushawishi, najua. Kuna mara moja nilitoka mahali ambapo nisingetoka na gari la zamani, na nikakaripiwa kuanzia pale hadi Burnt Forest. Nilistahili.

Kwenye usukani kuna vitufe vya kubadili tabia ya injini: I, S na S#. Cha mwisho hufanya gari liwe kama limepigwa sindano. Nilikijaribu kwenye kona za kushuka Mai Mahiu na binti yangu akatapika juu ya kiti, juu ya mdogo wake, na juu ya pochi ya mama yake. Tangu hapo ni I. Watoto kwenye gari la aina hii wanataka dereva mpole kuliko wanavyotaka gari lenyewe.

Kwa nafasi sina ugomvi nalo. Milango hufunguka wazi, vioo ni vikubwa, mtoto anaona nje bila kuinuliwa. Viti viwili vya watoto vinafungwa vizuri pembeni. Wa tatu akikaa katikati, ana mwinuko wa sakafu chini ya miguu, na atalalamika kabla ya kufika Limuru. Kwa watoto wanne usijisumbue, tafuta gari la viti saba. Tumbo la gari liko sentimita 22 kutoka ardhini, na kwa barabara yetu ya kuingia mtaani wakati wa mvua hilo limenifaa zaidi ya turbo.

Sasa matunzo, na hapa jirani yangu avute kiti. Fundi wangu wa Industrial Area aliniambia siku ya kwanza, "Mkubwa, hii ukiichelewesha oili, utanijengea nyumba." Turbo huzunguka kwa kasi ya kutisha, na kinachoitenganisha na kifo ni utando mwembamba wa oili. Mimi hubadilisha kila kilomita 5,000, oili ya sinthetiki, zaidi ya lita 5 kila mara, na huinunua mahali ninapopaamini kwa sababu mikebe ya bandia ni mingi. Nikitoka safari ndefu huacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Plagi ni kazi ya nusu siku: injini ya Subaru imelala, pistoni zinapiga upande kwa upande, kwa hivyo plagi zimefichwa ubavuni na fundi huchomoa vitu kibao kuzifikia. Malipo ya mkono yatakushangaza kuliko bei ya plagi.

Kuhusu matairi, watu hawaniamini hadi yawakute. Kwa kuwa magurudumu yote manne huvuta muda wote, yanapaswa kulingana kwa ukubwa na kwa uchakavu. Tairi moja jipya katikati ya matatu yaliyolika hulazimisha mfumo mzima kufanya kazi ya kurekebisha tofauti hiyo bila kupumzika, na mfumo huo ukiharibika haujali kwamba ulikuwa unabana matumizi. Mwaka wa pili niliingia kwenye shimo karibu na nyumbani, tairi likapasuka ubavu. Nilitoka kununua moja, nikarudi nimenunua manne. Karo ya muhula huo ililipwa kwa awamu.

Ukitaka langu lile lile, ujue SJ zilikoma kutengenezwa 2018. Kwa sheria yetu inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka 8, kuanzia 2026 haziingii tena kutoka Japani, na Forester zilizofuata ziliachana na injini hii. Maana yake utanunua ambayo tayari imeishi Kenya, kwa mtu. Huyo mtu ndiye unayemchunguza. Fika asubuhi na mapema, mwambie asiiwashe kabla hujafika, gusa boneti. Ikiwa imeshapashwa moto, kuna kitu hakutaka usikie. Vuta kijiti cha oili mwenyewe. Angalia moshi wa samawati. Endesha polepole ukisikiliza kama gia inatetemeka. Bomba kubwa la moshi na kile kipenga cha "pshhh" ukiachia kanyagio la mafuta? Hilo limegeuzwa la mbio. Aga kwa heshima, uondoke. Kagua umiliki wa gari NTSA, mamlaka inayosajili magari, ujue kama kuna mkopo juu yake. Na kama gari lina EyeSight, zile kamera mbili nyuma ya kioo cha mbele, uliza kama kioo kiliwahi kubadilishwa. Kikibadilishwa ovyo, kamera hazioni sawasawa, na taa ya onyo itakaa nawe kama mgeni asiye na nauli.

Halafu chora namba ya gari kwenye vioo vya pembeni na taa kabla hujalala nalo usiku wa kwanza. Mimi nilisubiri wikendi. Nililala Ijumaa nikiwa na vioo viwili, nikaamka na kimoja.

Jirani, sasa jibu lako. Kazi yako ni Upper Hill, wakwe zako wako Kitengela, na ushago unakwenda Desemba peke yake, tena mara nyingine kwa treni. Chukua ya kawaida. Ile 6,800 ya kila mwezi iweke kando kwa ajili ya mtoto. Ungekuwa unapanda Timboroa kila mwezi na watoto nyuma, ningekuambia mengine.

Nilipokuwa namalizia kuandika haya amenitumia picha: XT nyeupe kwenye yadi moja ya Kiambu Road, imeoshwa inang'aa. Nimeikuza kwenye simu. Matairi manne, aina tatu. Nimemwandikia, "Angalia chini." Ameisoma, bado hajajibu.