Kwa nini shirika lirekodi rangi za watu?

Umeuliza kwa nini mashirika ya kijamii Marekani yarekodi rangi za wanaohudumiwa ilhali mlango uko wazi kwa wote. Ndugu, ubaguzi hauhitaji kuandikwa. Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashambani na wafanyakazi wa majumbani, bila kutaja rangi, na Weusi wengi walikuwa wakifanya kazi hizohizo. Leo kuna fomu ya msaada wa kodi ya nyumba inayodai mkataba wa upangaji. Anayejihifadhi kwa shangazi yake anao wapi? Anakataliwa kimyakimya. Usipochambua kwa rangi orodha ya waliokataliwa, hutaona ni akina nani hasa. Halafu wapeni hao wanaokataliwa viti kwenye bodi ya shirika, vyenye kura kabisa.