Wewe uliyekuja ukijua kupiga taipu

Kila darasa jipya la uhazili linaleta mtu yuleyule: vidole viwili, macho kwenye kibodi, maneno 40 kwa dakika, na kote alikopita anasifiwa kwa wepesi huo. Anatuchosha kuliko asiyewahi kugusa kibodi, na ndiye tunayemhurumia zaidi.

1. Vinundu vya F na J ni makao ya vidole vya shahada. Vitafute kwa kugusa.

2. Herufi kubwa hupigwa kwa Shift ya mkono wa pili. A kubwa, Shift ya kulia.

3. Hapa ndipo wengi wanapokwama. Ukianza vidole kumi, maneno yako 40 yatashuka hadi 10. Aliyeanzia sifuri anaona 10 ni hatua. Wewe unaona aibu. Basi asubuhi unafanya zoezi, mchana ikija barua ya haraka unarudi kwenye vidole viwili usije ukaonekana mzito. Kila barua ya namna hiyo inaurudisha mkono kwenye njia ya zamani. Chukua neno "walikataa": herufi 9, A ni 4. Kiswahili kimejaa A, nayo ni ya kidole cha mwisho cha kushoto, kidole dhaifu, ambacho wewe hujawahi kukipa kazi. Asubuhi kinajaribu, mchana shahada inakipokonya. Wiki zinapita, bado unagusa Caps Lock na nusu ya mstari inatoka herufi kubwa, kisha unasema njia hii haikufai. Jamani, hujaipa nafasi!

Chagua wiki yenye kazi chache. Tangu siku hiyo vidole viwili basi, hata kwa ujumbe wa mstari mmoja. Mwambie mkuu wako mapema kwamba ukurasa wa maneno 300, uliokuwa wa dakika nane hivi, sasa utachukua nusu saa. Funika mikono kwa kitambaa chepesi. Dakika 20 mara mbili kwa siku zinatosha. Ukizidisha mabega yanakaza na makosa yanaongezeka. Usiondoke mstari wa kati wa kibodi, ule wenye A, F na J, mpaka makosa yasizidi 5 katika mapigo 100. Kasi usiipime kabla ya hapo, maana ile namba ndogo ndiyo inayokurudisha ulikotoka.

4. Kata kucha. Viganja visilale mezani.

5. Kwenye hesabu ya kasi, neno ni mapigo 5, nafasi ikiwemo. Vidole viwili vina ukomo kwa sababu macho yanapanda na kushuka kati ya rasimu na kibodi; ukirejea umepoteza mstari, na pengine umeruka aya nzima. Mwaka 1888, mjini Cincinnati, Frank McGurrin alishinda shindano la taipu akitumia vidole vyote bila kutazama vibonye. Macho yake yalibaki kwenye karatasi.

Kesho kila mtu aje na kitambaa chake.