Noti ya Hameln si lazima iwe bandia

Mkuu, umeuliza kama noti yako ya pfenigi 50 (senti za Kijerumani) yenye mpiga filimbi na panya ni bandia, maana ina jina la mji wa Hameln na si la benki kuu ya Ujerumani. Hilo peke yake lisikutishe. Hizo ni Notgeld, yaani pesa za dharura.

Vita ya 1914 hadi 1918 ilimeza shaba na nikeli, na watu wakaficha sarafu zao majumbani. Madukani chenji ikakosekana kabisa. Miji, hata viwanda, ikajichapia vikaratasi vya thamani ndogo, vya kutumika hapo hapo tu. Igeuze noti yako utafute maneno "gültig bis": ndiyo tarehe ya mwisho ya kuipokea.

Baada ya vita wakusanyaji walizipenda mno, na miji ikagundua jambo: noti isiyorudi kudaiwa ni faida tupu. Ndipo zikaja seti za rangi zenye hadithi za kienyeji, kama huyo mpiga filimbi wako. Mji wa Bielefeld walichapa hata kwenye hariri! Austria nako vijiji vilitoa za heller (senti za huko), 1920.

Mwaka 1923 zilirudi kwa shida ya kweli, pesa ya Ujerumani ilipoporomoka thamani, zikiandikwa mamilioni ya marki, hadi pesa mpya, Rentenmark, ilipoingia Novemba.

Benki haitakubadilishia. Usiipige pasi wala kuibandika gundi. Itie kwenye bahasha ya plastiki, kisha utuwekee picha ya pande zote mbili.