Kadi ya zawadi haijafa, dada

Dada wa Mikindani, unauliza kama kadi ya zawadi ya dola 50 (ile yenye hela ndani ya kununulia vitu) aliyokuachia shemeji wa Marekani imekufa kwa kukaa kabatini miaka 2. Kama aliinunua, siyo ya promosheni, haijafa. Sheria ya kule, tangu 2010, hairuhusu salio lake kuisha muda kabla ya miaka 5. Ila ikikaa miezi 12 bila kutumika wanaweza kukata ada kila mwezi, kwa hiyo usiendelee kuilaza.

Mpe shemeji zile namba za chini ya utepe wa kukwangua (kama vocha tu), afanyie manunuzi yeye, wewe akurushie hela kwenye simu.

Yule kijana wa stendi ya Mtwara anayetaka aipige picha "akubadilishie", mnyime. Akishazipata namba, salio ni lake, wewe utabaki na plastiki.